Plani ya chakula chuoni Marekani: inalipa au hela inapotea? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hii ni kwa wale mnaokuja kusoma Marekani mkitokea Tanzania, Kenya, Uganda, Kongo na kwingineko kwetu, na kwa wazazi na walezi wanaolipa. Barua ya chuo imefika, I-20 (ile fomu ya chuo ya kuombea visa) imefika, halafu kwenye ule mchanganuo wa gharama kuna mstari wa chakula, dola elfu tano na kitu kwa mwaka, mtu anabadilisha kwa shilingi anakaa chini. Maswali yanayofuata hapo huwa ni yale yale kila msimu kwa hiyo nimeyaweka sehemu moja.

Kwanza, plani ya chakula ni nini hasa?

Unalipa chuo mwanzo wa semista, wanakuwekea milo kwenye kadi yako ya mwanafunzi, ukifika bwaloni unaswaipu, yani unapitisha kadi kwenye mashine, unaingia unakula mpaka ushibe, hakuna wa kukupimia. Ziko za aina tatu kubwa. Kuna ya bila kikomo, unaingia hata mara tano kwa siku. Kuna ya wiki, mfano milo 14 au 10 kwa wiki, na hii ndo ya kuwa nayo makini sana maana inafanya kazi kama bando la wiki, usipoitumia inafutika na wiki mpya inaanza upya, hazijumlishwi. Halafu kuna ya jumla, unapewa mfano milo 80 au 150 ya semista nzima uitumie unavyotaka.

Juu ya hapo plani nyingi zinakuja na dola kadhaa zinazokaa kwenye kadi hiyo hiyo, unanunulia kahawa, sandwichi, au vitu vya kwenye kiduka cha chuo. Hizo mara nyingi zikibaki semista ya kwanza zinaingia ya pili, ila mwezi wa tano mwaka wa masomo ukiisha zinakufa.

Naweza kukataa nisichukue kabisa?

Inategemea unakaa wapi na uko mwaka gani. Vyuo vingi vinamlazimisha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akae hosteli ya chuo, na ukikaa hosteli plani inakuja nayo. Ukihamia apatimenti, au hosteli ya chuo ambayo chumba kina jiko lake, hapo mara nyingi wanakuachia uamue mwenyewe. Vyuo vya miaka miwili vile vya kata na miji vingi havina hosteli kabisa, kwa hiyo hata plani hakuna, unanunua kantini au unakuja na chakula chako.

Njia ya kutoka ukiwa umebanwa ni sababu ya kiafya au ya dini. Mzio mkali wa karanga, kisukari, matatizo ya tumbo, au chakula halali ambacho bwalo la pale haliwezi kukupa, hizo ni sababu zinazosikilizwa ila zinataka karatasi, barua ya daktari au maelezo ya maandishi. Na usishangae wakikujibu kwamba badala ya kukutoa watakupikia, hilo nalo si baya.

Sawa, nitajuaje kama bei yake inalipa?

Hapa ndo penyewe, na wengi wanakosea kwa sababu wanaangalia bei ya plani. Angalia bei ya mlo mmoja *utakaoula kweli*, sio ule ulioandikwa kwenye brosha.

Tufanye mfano, namba hizi ni za kufundishia tu weka za chuo chako. Plani ya milo 14 kwa wiki inauzwa dola 2,800 kwa semista, ndani yake kuna dola 200 za kwenye kadi. Toa hizo 200 maana ni hela yako inarudi, inabaki 2,600. Semista ina wiki kama 15, kwa hiyo 14 mara 15 ni milo 210. Gawa, unapata dola 12.38 kwa mlo. Sio mbaya. Lakini sasa wewe asubuhi huamki, ijumaa jioni mnaenda kula kwa watu, jumapili uko kanisani mpaka saa nane na pale wanapika, ukijihesabu vizuri unakula bwaloni mara 9 kwa wiki. 9 mara 15 ni 135, gawa 2,600 kwa 135 unapata dola 19.26 kwa mlo mmoja. Wakati mtu asiye na plani anaingia mlangoni pale pale kwa labda dola 13 au 15. Yani umelipa kabla na bado umelipa zaidi ya aliyekuja bila chochote!

Ile ya bila kikomo hesabu yake ni ya siku. Tuseme ni 3,000 ukishatoa za kadi, siku 105, ni kama dola 28.57 kwa siku. Ukila mara tatu kila siku ni dola 9.52 kwa mlo, hiyo inalipa vizuri tu. Ukila mara mbili ni 14.29, hapo umerudi kule kule.

Kwa hiyo kabla hujachagua chukua ratiba yako ya vipindi, iweke pembeni ya masaa ya bwalo, na uandike siku kwa siku ni mlo gani utakuwa karibu na bwalo na una njaa. Bwalo nyingi chakula cha jioni kinaisha mapema kuliko tulivyozoea sisi, kuna sehemu saa mbili usiku wameshafunga, na kama umezoea kula saa tatu au nne ile plani itakuwa inakuacha njaa halafu unanunua piza tena juu yake. Hiyo gharama ya pili haimo kwenye brosha.

Kitu kingine kidogo lakini kina hela. Kwenye plani, swaipu ya asubuhi na swaipu ya jioni zina thamani ile ile, ila ukinunua mlangoni kifungua kinywa ndo cha bei ya chini. Na kifungua kinywa ndo mlo rahisi kuliko yote kujitengenezea chumbani, mkate, siagi ya karanga, ndizi, uji wa shayiri kwenye maikrowevu, chai yako. Basi swaipu ziweke mchana na jioni.

Nichukue kubwa au ndogo?

Ndogo kabisa wanayokuruhusu, ndo ushauri wangu kwa karibu kila mtu. Sababu moja tu inatosha: kupanda kutoka ndogo kwenda kubwa vyuo vingi wanakuruhusu wakati wowote maana ni hela inaingia kwao, kushuka kutoka kubwa kwenda ndogo kuna tarehe ya mwisho, mara nyingi wiki ya kwanza au ya pili ya semista, ikipita imepita. Ninayemtoa kwenye huu ushauri ni mwanamichezo, na yule kijana anayekula kweli kweli mara tatu kwa siku na hosteli yake haina jiko, huyo achukue ya bila kikomo na awe na amani.

Angalia pia kama kuna boksi la kubebea. Vyuo vingi siku hizi wanakupa boksi la plastiki unaliosha unarudisha, unapakia mlo unaenda nao maktaba. Kama wanaruhusu hilo plani inaongezeka thamani sana kwa mtu mwenye vipindi vya jioni.

Kupika mwenyewe kunaokoa kiasi gani?

Kunaokoa, tena sana, ila sio bure kama watu wanavyosema.

Kipimo kizuri cha kuanzia ni hiki. Serikali ya Marekani ina msaada wa chakula unaitwa SNAP, na kiwango cha juu kwa mtu mmoja kwenye majimbo mengi kuanzia Oktoba 2024 mpaka Septemba 2025 kilikuwa dola 292 kwa mwezi. Hicho kiwango kinatoka kwenye hesabu ya wizara ya kilimo ya chakula cha kujibana kwa mtu anayepika nyumbani. Chukua miezi mitatu na nusu ya semista unapata kama dola 1,022. Linganisha na ile 2,800 ya mfano wetu, tofauti ni dola 1,700 na kitu kwa semista moja. Mtu anayekula maharage, wali, mayai, kuku mzima na mboga za majani anaweza kukaa chini ya hapo kabisa, na mkiwa wawili watatu mnachanga ndo inashuka zaidi.

(Naitaja SNAP kama kipimo tu. Ukiwa na visa ya F-1, ile ya mwanafunzi, huruhusiwi kuiomba, usijaribu.)

Sasa weka na vingine. Sufuria na kikaango mara moja. Usafiri wa kwenda dukani, maana chuo kikiwa mji mdogo duka kubwa liko maili tatu na hakuna daladala, utategemea basi la chuo la wikiendi au rafiki mwenye gari. Na muda, kupika na kuosha vyombo ni saa moja na zaidi kila siku, wiki ya mitihani hilo saa ni ghali. Tena apatimenti nyingi mkataba ni miezi 12, ukiondoka kiangazi unaendelea kulipa, kwa hiyo usihesabu chakula peke yake ukasahau kodi.

Kuhusu vyakula vyetu, vinapatikana kuliko unavyofikiri. Majani yanayouzwa kwa jina la collard greens ndo sukuma, yako karibu kila duka. Unga wa ugali tafuta unga wa mahindi meupe, maduka ya Waafrika na ya Walatino wanao, ila ule wa Maseca wa kutengenezea tortilla usinunue kwa ugali, mahindi yake yamechemshwa na chokaa, utapata kitu kingine kabisa. Dengu, choroko, unga wa chapati na viungo nenda duka la Wahindi, bei iko chini kuliko duka kubwa. Aldi na Walmart kwa mayai, mchele na kuku. Kama uko karibu na Minneapolis, Columbus, Dallas au Houston maduka ya Kiafrika yamejaa.

Hosteli naweza kupika?

Kwenye chumba hapana. Friji ndogo na maikrowevu mara nyingi sawa, jiko la umeme la koili ni marufuku karibu kila sehemu, na ile sufuria ya umeme ya wali vyuo vingi nayo wanaikataza, wakiikuta wanaichukua na faini juu. Kengele ya moto ikilia usiku wa baridi jengo zima linatoka nje kwa sababu yako. Kuna jiko la pamoja kwenye majengo mengi, linafaa kwa kupika jumapili sufuria kubwa ukaweka kwenye friji, haliwezi kukulisha kila siku.

Skolashipu yangu inalipa kila kitu. Si nichukue kubwa tu?

Subiri kidogo mdogo wangu, hapa wengi wanakuja kushtuka mwaka wa kwanza.

Sheria ya kodi ya Marekani inasema hela ya skolashipu inayolipa ada na vitabu vya lazima haitozwi kodi, lakini sehemu inayolipa malazi na chakula *inatozwa*. Kwa mwanafunzi wa F-1 au J-1 (visa ya programu za kubadilishana) ambaye kikodi bado anahesabika mgeni, chuo kinatakiwa kukata asilimia 14 ya hiyo sehemu. Kuna nchi zina mkataba wa kodi na Marekani unaopunguza hilo, Tanzania haina, Kenya haina, Uganda haina, Rwanda haina.

Fanya hesabu. Skolashipu inakulipia chakula dola 5,600 kwa mwaka, asilimia 14 ni dola 784. Malazi dola 8,000, hapo ni 1,120 nyingine. Jumla 1,904, na mara nyingi haikatwi kwenye hela unayoiona, inatokea kama deni kwenye akaunti yako ya ada, na deni lisipolipwa unazuiliwa kujisajili vipindi vya semista inayofuata. Mtoto wa watu kaambiwa skolashipu kamili, nyumbani wamefanya sherehe, halafu anadaiwa karibu dola elfu mbili hajui zinatoka wapi. Inaniuma kila nikisikia maana lilikuwa jambo la kuambiwa mapema.

Kwa hiyo plani ndogo ikiwa inakutosha inapunguza na hiyo kodi. Uliza ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kabla hujasafiri: je skolashipu yangu inalipa hiyo kodi au nailipa mimi? Baadhi ya programu zinailipa. Na ukifika mwezi wa nne usikose kujaza fomu 1040-NR, maana ukijaza hiyo hela inahesabiwa upya kwa viwango vya kawaida vinavyoanzia asilimia 10, kwa hiyo mara nyingi kuna kiasi kinarudi. Chuo kitakupa fomu 1042-S inayoonyesha kilichokatwa, itunze.

Chakula chenyewe kinalika?

Kinalika. Kinatofautiana sana kati ya chuo na chuo. Vingine vinajipikia vyenyewe, UMass Amherst kwa mfano imekuwa ikishika namba moja kwenye orodha ya Princeton Review, kampuni inayopanga vyuo kwa ubora, ya chakula bora cha chuo miaka mfululizo. Vingine vimekabidhi kwa kampuni kama Aramark, Sodexo au Chartwells. Wiki za mwanzo utaona kila kitu kitamu, mwezi wa pili umechoka piza na baga, hapo ndo utaanza kutafuta wali na maharage kwenye kona ya mboga na utavikuta. Beba pilipili yako.

Mimi Mwislamu, plani itanifaa?

Uliza kabla, usikisie. Kuna vyuo vina sehemu kamili ya halali na vyombo vyake, kuna vingine wana kuku tu wa halali siku fulani, na kuna ambako utaishia mayai, samaki na mboga semista nzima, hapo plani ya milo 14 haikufai hata kidogo. Kuandikwa kwamba chakula hakina nguruwe haimaanishi ni halali.

Ramadhani miaka hii inaangukia ndani ya semista ya pili, kwa hiyo swaipu za mchana zinapotea mwezi mzima na wakati wa daku bwalo limefungwa. Vyuo vingi ukiwaomba wanakupa chakula cha kubeba cha futari na daku kwa swaipu zako zile zile, lakini lazima wajue mapema. Waone watu wa MSA, umoja wa wanafunzi Waislamu, wanajua wa kuongea naye. Kama ni plani ya jumla badala ya ya wiki hapo ndo unaona faida yake, milo haifutiki, inakusubiri mpaka mfungo uishe.

Natakiwa kutuma hela nyumbani, nikiruka milo si naokoa?

Hili swali huwa linaulizwa kwa sauti ya chini, nalijibu kwa sauti ya juu. Usile mara moja kwa siku ili utume hela. Nimeona watu wanafanya hivo, wanapungua, wanashindwa kukaa darasani, GPA (wastani wa alama) inashuka, na skolashipu nyingi zina kiwango cha chini cha GPA, ukiipoteza hiyo utakuwa umepoteza kikubwa kuliko chote ulichokuwa unatuma. Na kama plani umeshailipia, kuruka mlo hakuokoi hata senti, ile hela imeshaenda. Kula kwanza. Kama kuna mahali pa kuokoa ni kushuka plani tarehe ikifunguliwa na kupika, na ile tofauti ndo uitume ukiwa umeshiba. Ongea na watu wa nyumbani waziwazi, mama hataki hela inayotokana na wewe kulala njaa, akijua atakataa mwenyewe.

Nikiishiwa kabisa je?

Usione aibu. Chuo cha Michigan State kilianzisha ghala la chakula la wanafunzi mwaka 1993, na siku hizi vyuo vingi sana vina ghala kama hilo, unaingia na kadi yako unachukua mchele, maharage ya kopo, sabuni. Kuna na mpango unaitwa Swipe Out Hunger, ulianzia chuo cha UCLA mwaka 2010, wanafunzi wanachangia swaipu zao zilizobaki anapewa mwenye shida, uliza kama chuo chako wanao huo mpango. Ghala la chuo sio SNAP, wanafunzi wa kimataifa wanaenda kama wengine na halina shida na visa yako.

Likizo bwalo linafunguliwa?

Mara nyingi halifunguliwi, na plani haihesabu siku hizo. Thanksgiving, alhamisi ya nne ya Novemba, kila mtu anaenda kwao na wewe uko hosteli na kila kitu kimefungwa. Halafu Krismasi mpaka katikati ya Januari, hapo vyuo vingine vinafunga hata hosteli. Weka kando dola 150 au 200 za hizo siku tangu mwezi wa tisa, na wiki moja kabla tumia zile dola za kwenye kadi kununua vitu visivyooza.

Nasikia kufanya kazi bwaloni unakula bure?

Vyuo vingi ndivyo, ukifanya zamu unapata mlo wa zamu hiyo, bure au kwa bei ya chini. F-1 unaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo mpaka masaa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na bwalo ndo mahali ambapo wanaajiri kila wakati. Zamu nne kwa wiki ni milo minne ambayo huna haja ya kuilipia, kwa hiyo kama umepata hiyo kazi, plani ya mwaka wa pili chukua ndogo zaidi.

Naweza kumpa rafiki swaipu zangu au kuziuza?

Kuuza hapana, vyuo vingi vinakataza na wanaweza kukufungia kadi. Kumpa mtu kadi yako nayo ni kosa. Ila plani nyingi zina milo kadhaa ya mgeni, hiyo unamleta mtu wako unakula naye.

Nakaa kwa shangazi, maili kumi kutoka chuo. Ninunue?

Usinunue ya wiki. Beba chakula cha nyumbani, na kama kuna plani ndogo ya watu wanaotoka nje, milo 25 au 40 kwa semista, ichukue kwa zile siku unazobaki maktaba. Na shangazi mnunulie chakula cha nyumba mara moja moja hata kama hajakuomba.

Nataka kushuka plani, niandike nini kwenye barua pepe?

Kwanza angalia kama kuna kitufe kwenye tovuti ya hosteli na chakula, mara nyingi ukiwahi wiki ya kwanza unabadilisha mwenyewe bila kuongea na mtu. Kama hakuna, waandikie ofisi ya plani, sio ofisi ya ada, weka namba yako ya mwanafunzi, plani uliyonayo, unayoitaka, na sababu kwa sentensi mbili. Kama ni afya au dini ambatanisha karatasi. Waulize pia tofauti ya hela inarudi vipi, inaingia kwenye akaunti ya ada au inarudi kwa aliyelipa, maana kama ni skolashipu inaweza kurudi kwa mfadhili na wewe usiione. Yote iwe kwa maandishi, ya dirishani usiitegemee. Wakikujibu haiwezekani semista hii, uliza dirisha la semista ijayo linafunguliwa tarehe ngapi na linafungwa lini, uiweke kwenye simu ikukumbushe siku mbili kabla.